Nyota ya Les Baux haikutoka Bethlehemu

Les Baux-de-Provence ni kijiji cha watu mia chache tu, kimekaa juu ya mwamba katika milima ya Alpilles, kusini mwa Ufaransa. Nembo yake ni rahisi kuichora: ngao nyekundu, na katikati nyota nyeupe. Hesabu miale yake, utapata 16. Vitabu vingine vya nembo huiita nyotamkia, ingawa mkia haina. Nyota hiyo imezungukwa na hadithi nyingi kuliko miale yenyewe.

Dhana: Ni nyota ya Bethlehemu, kwa kuwa mabwana wa Baux walikuwa uzao wa Balthazar, mmoja wa mamajusi.

Hadithi hii haikutungwa na watembeza watalii. Mabwana wenyewe ndio waliojinasibisha na Balthazar, na ukelele wao wa vita ulikuwa "À l'asard Bautezar!", kama kusema, "Liwalo na liwe, Balthazar!" Ila hesabu zinakataa. Nembo za ngao zilianza Ulaya katika karne ya 12, wapiganaji walipojifunika chuma hadi usoni na ikawa taabu kujua yupi ni yupi. Tangu Yesu azaliwe ilikwisha kupita miaka zaidi ya 1,100.

Tena fungua Injili ya Mathayo, sura ya 2. Mamajusi wamo, nyota imo, dhahabu, uvumba na manemane vimo. Majina hayamo, wala idadi. Watu waliona zawadi tatu wakahesabu wageni watatu, na jina la Balthazar likaja karne kadhaa baadaye.

Hata hivyo siwacheki. Kati ya 1144 na 1162 ukoo huu ulipigana na makaunti, yaani watawala wa jimbo la Provence, ukashindwa. Nadhani ukoo wa namna hiyo ulihitaji babu ambaye hakuna kaunti angeweza kumfikia.

Dhana: Hata jina Baux limetokana na Balthazar.

Hapana. Limetokana na neno la Kiprovensa *bauç*, yaani jabali lenye genge kali. Ukikitazama kijiji kutoka bondeni huhitaji kamusi.

Dhana: Nyekundu ni damu iliyomwagika, nyeupe ni usafi wa moyo.

Maana za namna hii zilipachikwa na waandishi wa baadaye. Wachora nembo walikuwa na rangi chache, na kanuni moja waliyoishika sana: madini, yaani dhahabu na fedha, hayawekwi juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Nyeupe ya nyota hii huhesabiwa kuwa fedha, na fedha juu ya nyekundu inaonekana hata kwa mbali. Na anayejua kwamba boksiti, udongo mwekundu unaotoa alumini, ilipewa jina la kijiji hiki asidhani wekundu wa ngao ni wa udongo huo. Mwanajiolojia Mfaransa Pierre Berthier aliutambua mwaka 1821, nyota ikiwa na karne nyingi tayari.

Dhana: Nembo imekuwa ya wanakijiji tangu mwanzo.

Ilikuwa ya mabwana. Wa mwisho wao pale Les Baux, Alix, alifariki mwaka 1426. Katika miaka ya 1630 ngome ikabomolewa kwa amri ya Richelieu, waziri mkuu wa mfalme Louis XIII, na muda si mrefu mfalme huyo akawapa akina Grimaldi, watawala wa Monaco, eneo hilo. Mapinduzi ya Ufaransa yakawanyang'anya ardhi, lakini cheo hawakukiacha: Jacques, mrithi wa Monaco aliyezaliwa mwaka 2014, anaitwa Markizi wa Baux.

Mapinduzi hayohayo yalifuta nembo za makabaila mwaka 1790. Zilirudi baadaye, na sheria ya Aprili 5, 1884 ikayaachia mabaraza ya vijiji na miji kuendesha mambo yao, nembo zikiwemo. Baraza la Les Baux likitaka kesho kupunguza mwale mmoja, halihitaji kibali cha mfalme wala cha rais.