Ziara ya mafunzo kwenye ramani ya kidijitali: ni nini hasa, na hutengenezwaje?

Ziara ya mafunzo ya mtandaoni ni somo ambalo mwalimu hulipanga juu ya ramani ya kidijitali, kituo baada ya kituo, ili wanafunzi wafike kwa macho mahali ambapo nauli na muda visingewafikisha. Wakiwa huko wanafanya kazi: wanapima, wanalinganisha, wanatafuta, wanabishana. Ramani yenyewe imeunganisha picha za setilaiti, picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege na vipimo vya mwinuko wa ardhi, ndiyo maana unaweza kushuka kutoka juu angani hadi ukingoni mwa korongo, kisha ukageuka uone mlima ulio nyuma yako.

Wengi huchanganya ziara ya namna hii na kuwaonyesha watoto video ya mbuga. Video ina njia moja, ile aliyoichagua mpigapicha. Kwenye ramani mwanafunzi akiuliza "nyuma ya kilima kile kuna nini?", darasa zima linakwenda kuangalia palepale. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye thamani yote. Kituo kisicho na swali ambalo jibu lake linatafutwa kwenye ramani kiondolewe, hata kama picha yake inapendeza kiasi gani.

Programu inayotumika zaidi ni Google Earth, iliyotoka mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya Google kuinunua kampuni ya Keyhole. Toleo la kompyuta, Google Earth Pro, lilikuwa la kulipia hadi mwaka 2015 lilipofanywa la bure. Toleo la kwenye kivinjari lilipewa mwaka 2019 uwezo wa kutengeneza miradi: unaweka alama mahali, unaandika maelezo mafupi, unatia picha, unahifadhi pembe unayotaka wanafunzi waione, kisha unaonyesha darasani kituo kimoja kimoja kwa mpangilio wako. Wapo wanaotumia ArcGIS StoryMaps, na wapo wanaojenga juu ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa kutumia zana ya uMap. Yoyote itafaa.

Tuchukue mfano wa kaskazini mwa Tanzania. Mada ni volkano, na swali la ziara nzima ni hili: kwa nini mabaki ya kale ya binadamu yamepatikana kwa wingi Olduvai? Swali moja kubwa kama hilo ndilo linaloshikilia vituo vyote. Bila hilo utabaki na orodha ya mandhari nzuri.

Kituo cha kwanza ni Ngorongoro. Ukiitazama kutoka juu kabisa utaona duara tu, na ndani yake ziwa la magadi lililopauka. Watoto wataiona kama sahani, na wana haki. Sasa inamisha mtazamo hadi kuta zisimame. Kisha, kwenye Google Earth Pro, chora mstari kutoka ukingo mmoja hadi wa pili na uiambie programu ionyeshe mchoro wa mwinuko. Chini ya skrini unajitokeza mchoro unaoanza juu ya mita 2,200, unaporomoka kama mita 600, unakwenda tambarare kwa muda mrefu, halafu unapanda tena ghafla. Waambie wapime upana: watapata karibu kilomita 20. Hapo waulize: mlima wenye shimo la ukubwa huu, kilele chake kilikwenda wapi? Karibu wote watasema kililipuka kikarushwa angani. Jibu ni kwamba mwamba ulioyeyuka uliokuwa chini ulipotoka, kilele kilikosa cha kukishikilia kikazama ndani, zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Mchoro ule wa mwinuko unalieleza jambo hili vizuri kuliko aya yoyote ya kitabu, kwa sababu mwanafunzi ameuchora mwenyewe.

Kituo cha pili ni Olmoti, volkano jirani upande wa kaskazini. Hapa msikae sana. Inatosha waione kreta yake ndogo, kisha wafikirie upepo ambao sehemu hii huvuma zaidi kutoka mashariki. Majivu ya milima hii yangeangukia wapi? Wafuate kwa kidole kuelekea magharibi, nao watafika Olduvai wenyewe.

Korongo la Olduvai lina urefu wa kilomita 48 hivi na kina cha karibu mita 90. Karibia kingo zake uone matabaka ya ardhi yenye rangi tofauti. Ni hapa, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alipolipata fuvu la jamaa wa kale wa binadamu lililoitwa Zinjanthropus. Majivu ya volkano yalizifunika na kuzihifadhi zana za mawe na mifupa ya zama zile, na majivu hayohayo ndiyo yaliyowawezesha wanasayansi, mwaka 1961, kukadiria umri wa fuvu hilo kuwa karibu miaka milioni 1.75. Kwa hiyo milima waliyoiona kwenye vituo viwili vya kwanza ndiyo iliyotunza kumbukumbu, na mto uliochimba korongo baadaye ndio ulioifunua. Nikiwa na kipindi cha dakika 40, ningeishia hapa, na volkano ya Ol Doinyo Lengai ningeiacha iwe kazi ya nyumbani: watafute kwa nini kilele chake kina michirizi myeupe ilhali lava yake hutoka ikiwa nyeusi.

Kuna jambo moja ambalo basi la shule haliwezi kulifanya kabisa, nalo ni kurudi nyuma katika wakati. Google Earth ina picha za miaka iliyopita, na tangu 2021 imewekewa picha zinazokwenda mfululizo kuanzia mwaka 1984. Nenda Ziwa Nakuru au Baringo, Kenya, uanze na miaka ya 2000 kisha usogee mbele. Utaona maji yakipanda baada ya mwaka 2010, yakila misitu ya migunga, barabara na majengo ya kando. Wanafunzi walioliona hilo hawahitaji kushawishiwa kwamba ziwa hubadilika.

Lakini picha hizi zina mitego yake, na mwalimu aitaje mapema. Mtoto anaweza kuona mstari ulionyooka ukikata mbuga, upande mmoja kijani na mwingine kahawia, akadhani ni mpaka. Ni picha mbili za tarehe tofauti zilizounganishwa, moja ya masika na nyingine ya kiangazi. Majina ya mahali nayo wakati mwingine yamewekwa pasipo penyewe. Tena Google Earth Pro ina mpangilio wa kukuza mwinuko hadi mara tatu. Ukisahau kuurudisha kwenye moja, vilima vyote vitakuwa Kilimanjaro.

Kuhusu intaneti, ambayo ndiyo kikwazo cha shule nyingi: Google Earth Pro huhifadhi kwenye kompyuta sehemu ulizokwisha kuzitembelea. Pitia vituo vyote ukiwa penye mtandao, shuka hadi kila pembe utakayoihitaji, na darasani sehemu kubwa itafunguka bila mtandao. Kwa uhakika zaidi rekodi ziara nzima kama video, huku ukijua umepoteza ule uhuru wa kwenda nyuma ya kilima. Pasipo na projekta, chapisha picha ya kila kituo pamoja na skeli yake, wanafunzi wapime kwa rula katika vikundi.

Ziara hii haina joto la jua, harufu ya magadi wala mtu wa kuhojiwa. Kwa hiyo isitumike kuwanyima watoto matembezi ya karibu yanayowezekana. Vizuri zaidi ni kuviunganisha: watoke hadi mto ulio karibu na shule, wapige picha kingo zilizomomonyoka, wawaulize wazee maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko, kisha waweke alama zao wenyewe kwenye ramani. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi kuchora mitaa inayofurika na kuiingiza kwenye OpenStreetMap. Shule ya msingi haihitaji kufika mbali hivyo, ila kanuni ni hiyohiyo. Angalizo: wasiweke majina yao, nyumba zao wala sura zao kwenye mradi utakaosambazwa kwa kiungo.

Ukimaliza kutengeneza, hamisha mradi wako kama faili la KML, yaani faili linalobeba alama na maelezo ya ramani, na ulitunze kwenye flashi. Mwaka 2021 Google ilifunga Tour Builder na Expeditions, zana mbili ambazo walimu wengi walikuwa wamezizoea. Faili la KML hufunguka kwenye programu nyingi za ramani, na mwalimu wa shule nyingine anaweza kulichukua, akabadilisha maswali yako, akaongeza kituo cha kwao.