Paparazi si kila mwenye kamera

Katika harusi niliyohudhuria hivi karibuni, mshereheshaji aliwaomba “mapaparazi” wampishe bibi harusi, ilhali watu wale walikuwa wapigapicha walioitwa na kulipwa na familia. Paparazi ni mpigapicha anayewavizia watu mashuhuri na kuwanasa bila ridhaa yao, kisha akaziuza picha hizo magazetini.

Neno hili limezaliwa juzijuzi tu. Federico Fellini, mwongozaji wa filamu wa Italia, mzaliwa wa Rimini aliyeanza maisha kwa kuchora vibonzo na baadaye akashiriki kuandika mswada wa filamu ya Roberto Rossellini, Roma città aperta, alikuwa ameshajijengea jina kwa filamu yake La strada alipotoa nyingine, La dolce vita, mwaka 1960. Humo mwandishi wa habari za udaku, aliyeigizwa na Marcello Mastroianni, huandamana na mpigapicha aitwaye Paparazzo. Kwa Kiitaliano wingi wake ni paparazzi. Sisi tumeupokea wingi huo kama umoja na kuupachika ma- juu yake, jambo ambalo halinikeri hata kidogo.

Kuhusu jina lenyewe, wengi hurudia kauli ya Fellini kwamba lilimkumbusha mdudu avumaye, arukaye huku na huko na kuuma. Lakini Ennio Flaiano, aliyeandika mswada pamoja naye, alieleza kwamba walilikuta katika kitabu cha safari cha Mwingereza George Gissing, ambamo Coriolano Paparazzo ni mwenye hoteli mjini Catanzaro, bwana aliyebandika tangazo vyumbani akisikitika kwamba wageni hulala kwake lakini huenda kula kwingine. Mimi nasimama na Flaiano: habari ya mdudu inaeleza kwa nini jina lilimnogea Fellini, si lilikotoka.

Paparazzo wa kwenye filamu alichotwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwa Tazio Secchiaroli, aliyewawinda mastaa usiku katika Via Veneto, mtaa wa mikahawa jijini Roma. Baadaye Fellini alimkaribisha kwenye utengenezaji wa filamu zake, ikiwamo 8½ ya mwaka 1963, na huko akapiga picha kwa ruhusa. Kamera ilibaki mikononi mwa mtu yuleyule, lakini upaparazi ulikwisha siku alipofunguliwa mlango. Basi, ndugu mshereheshaji, wale waliosimama mbele ya bibi harusi ni wapigapicha. Kama paparazi alikuwapo, huenda alikuwa amejibanza nyuma ya hema.