Kitabu cha sayansi masikioni: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kusikiliza si kusoma." Kila nikitaja vitabu vya sauti hukutana na kauli hii, kana kwamba sikio ni njia ya panya. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza ubongo wa watu waliozisikiliza na kuzisoma hadithi zilezile. Maana za maneno zilishughulikiwa katika maeneo yaleyale, kwa namna inayokaribia kufanana. Tofauti ninayoiona mimi ni nyingine: jicho likipotea hurudi mstari wa juu lenyewe, ila sikio lazima lirudishwe kwa kidole.

Wengine huogopa: "Bila hesabu huambulii kitu." Michael Faraday aliacha shule mapema, akawa mwanagenzi wa fundi wa kujalidi vitabu. Mwaka 1812 alikwenda kusikiliza mihadhara ya mkemia Humphry Davy jijini London. Aliandika aliyoyasikia, akayajalidi kwa mikono yake, akampelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa msaidizi wake, na mwaka 1831 akaonyesha jinsi sumaku inavyozalisha umeme. Hesabu za juu hakuwahi kuzimudu. Mlango wake wa sayansi ulikuwa masikio na kalamu, na hilo hunitia moyo kila ninapokwama.

Je, unaweza kusikiliza huku ukifanya lolote? Kuosha vyombo, sawa, mikono inajiendea. Kujibu ujumbe, hapana, maana maneno hugombana na maneno. Na hata kwenye vyombo kuna pa kusimama. Siku moja nilisikia kwamba DNA ya seli moja tu ya mwili, ikinyooshwa, hufika kama mita 2. Nilifunga bomba, nikarudisha nyuma sekunde 30, nikanyoosha mikono yote miwili kuupima urefu huo. Haikutosha. Kama ningekuwa nimeongeza kasi mara mbili ili nimalize upesi, sentensi ile ingenipita.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba kilichosomwa kwa sauti ya uhakika ni cha sasa. Kitabu cha zamani kikirekodiwa leo husikika kipya kabisa. Kilichoandikwa kabla ya Agosti 2006, Pluto ilipoondolewa kwenye orodha ya sayari, huenda kikakuhesabia sayari 9, Pluto ikiwemo. Kilichoandikwa kabla ya Septemba 2015 kitayazungumzia mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya graviti inayosafiri angani, kama jambo ambalo hakuna chombo kilichowahi kulinasa moja kwa moja. Kwa hiyo tafuta mwaka kilipoandikwa, si mwaka kiliporekodiwa, kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza.