Usiitie Kwenye Friji: Dhana Potofu za Wageni Katika Maduka ya Wagashi

Kazi yangu ni kutembeza wageni mjini Kyoto, wengi wao watu wa Dar, Unguja, Mombasa na Muscat, na duka la wagashi, vile vitamutamu vya asili vya Kijapani, halikosi kwenye ratiba. Kila kundi lina mtu wake. Bado tumesimama mbele ya kabati la kioo, hajaonja hata kimoja, ananivuta pembeni na kuniuliza kama kisanduku kizima kitafika nyumbani salama. Nikimwambia hapana, ananiangalia kama niliyemnyima. Leo naandika, ili safari nyingine nimwonyeshe simu tu.

"Ni kitu cha sukari, kitakaa. Nikikitia kwenye friji kitakaa zaidi."

Si kweli, na hiyo sehemu ya friji ndiyo inayoharibu zaidi.

Najua dhana hii inatoka wapi. Mtu wa pwani amelelewa na halua. Wanga, sukari na samli vimekorogwa kwenye sufuria la shaba mpaka maji yamekwisha, na kitu kikishafika hapo unaweza kukifunga Muscat na kukifungua Unguja wiki kadhaa baadaye, bado ni kile kile. Kwa hiyo mgeni akiona kitu kitamu kimepangwa vizuri kwenye kisanduku, kichwani mwake kimeshapanda ndege.

Wagashi hupangwa kwa kiasi cha maji. Zenye maji asilimia 30 na kuendelea huitwa namagashi, yaani mbichi. Zisizofika asilimia 10 ni higashi, kavu. Za katikati ni han-namagashi. Zile nzuri zinazowafanya watu watoe simu na kupiga picha, zenye umbo la ua, jani au tunda la msimu, karibu zote ni namagashi. Mtengenezaji amezifinyanga asubuhi, nawe unatakiwa uzile siku hiyo hiyo. Baadhi zinavumilia mpaka kesho yake. Kufika Dar kupitia Dubai, ukihesabu na muda wa kusubiri ndege, ni zaidi ya saa 20 hata kabla hujafungua begi.

Tazama kwa karibu nerikiri ya umbo la ua la krisanthemamu wakati wa vuli. Ni maharage meupe yaliyosagwa laini na sukari, yakachanganywa na unga kidogo wa mchele unaonata. Petali zake zimekatwa moja moja kwa ncha ya mkasi, safu juu ya safu, kila moja nyembamba kama ukucha wa mtoto. Ule wembamba ndio unaopoteza maji kwanza. Ukiiacha wazi, jioni ncha zimekauka, kesho zina nyufa, na rangi iliyokuwa inang'aa inafifia kama imepakwa vumbi. Utamu wa sukari utabaki, lakini ule ulaini uliolipia umekwenda.

Sasa friji. Daifuku, ohagi na mochi zote ni mchele unaonata uliopikwa. Wanga ukipikwa hufyonza maji na kulainika. Ukipoa, chembe zake hujipanga upya, hutema maji na kuwa ngumu. Jambo hili hutokea kwa kasi zaidi kwenye baridi iliyo juu kidogo tu ya kuganda, yaani kile kipimo hasa cha friji yako ya hotelini. Ni wali wa kiporo uleule uliokwaruza koo asubuhi. Hujaihifadhi mochi, umeizeesha haraka. Kama umepanga nyumba yenye jokofu la kugandisha, funga kipande kimoja kimoja kwenye nailoni ukigandishe siku ileile ulipokinunua, kisha ukiache kiyeyuke chenyewe mezani. Friza inasimamisha kazi ile; friji inaichochea. Nawaomba mshike hilo hata kama mengine yote mtasahau.

Hapo huwa naambiwa, "Lakini kule dukani kwenye kona nimeona mochi ya wiki nzima, na bado laini." Umeiona, sikatai. Ile ya kiwandani imetiwa sukari nyingi zaidi, au sukari iitwayo trehalosi, au kimeng'enya kinachozuia wanga usijipange upya. Maduka mengi ya asili yenye heshima yake hayaweki vitu hivyo. Demachi Futaba, karibu na mto Kamo, wanauza mame-mochi tangu 1899, mchele uliotwangwa na njegere nyekundu zenye chumvi kidogo, ndani maharage ya azuki. Foleni hufika barabarani, na kila aliyemo anajua kwamba kitu kile ni cha leo. Ukishanunua, teremka mtoni ukale. Ila kaa chini ya mti au uegemee ukuta, kwa sababu mwewe wa pale wamezoea kunyakua chakula mkononi mwa mtu kutoka nyuma, na kuna mabango yanayoonya. Wageni hucheka nikisema hivi, mpaka mwewe ashuke.

Mfano ulio mkali zaidi uko mtaa wa Gion, kwa Kagizen Yoshifusa, duka la tangu mwanzo wa karne ya 18. Kuzukiri yao ni tambi pana za wanga wa mzizi wa kuzu, zinaletwa ndani ya maji ya barafu pamoja na asali nyeusi ya sukari guru. Zinaletwa zikiwa angavu, unaona chini ya bakuli. Ukipiga picha kwa dakika nyingi, zinaanza kupoteza uangavu na kulegea mbele ya macho yako. Hapo hata suala la kesho halipo.

Soma lebo, basi. Kuna maneno mawili yanayofanana. 消費期限, shohi kigen, ni siku ya mwisho ya kula, ikipita, tupa. 賞味期限, shomi kigen, ni siku ambayo ladha inadhaminiwa kuwa bora, na ikipita kidogo hufi. Na tarehe huanza na mwaka. Nimewahi kukutana na mzee mmoja aliyekasirika kweli kweli kwa kusoma 25.6.7 kama 25 Juni 2007, akidhani ameuziwa mzigo uliolala. Ilikuwa 7 Juni 2025. Maduka mengine huandika mwaka kwa hesabu ya enzi ya mfalme, kwa hiyo ukiona 7 mahali pa mwaka, ni mwaka wa 7 wa Reiwa, 2025 uleule.

Ukitaka zawadi ya kufika nyumbani, chukua yokan. Ni azuki, sukari nyingi na kigandishi kiitwacho kanten, vimechemshwa vikaganda kama kipande cha sabuni na kufungwa kwenye karatasi ya fedha isiyopitisha hewa. Yokan ya Toraya, duka lililoanzia Kyoto karne ya 16 na kufuata ikulu Tokyo mwaka 1869, hukaa karibu mwaka mzima ikiwa haijafunguliwa. Usiichanganye na mizuyokan mbichi ya kiangazi, ile ina maji mengi. Chukua pia higashi za wasanbon, sukari laini ya Kagawa na Tokushima iliyogandamizwa kwenye vibao vya mti, lakini ukifika nazo Dar ziweke kwenye kopo linaloziba sawasawa, maana unyevu wa pwani utazigeuza donge. Monaka, yale maganda membamba makavu ya mchele yanayojazwa maharage, zikiuzwa maganda mbali na maharage mbali nazo zinasafiri vizuri, ukizilinda zisivunjike. Unazijaza mwenyewe siku ya kula. Mimi ningechukua yokan na kuacha mengine yote.

"Ni maharage, hayana mafuta, kwa hiyo hata mwenye kisukari anakula."

Mafuta ni kweli karibu hakuna. Lakini kwenye kila gramu 100 za maharage yaliyosagwa kabla ya kutiwa utamu, mpishi huongeza sukari gramu 60 hadi 70, na kwenye yokan zaidi ya hapo. Daktari wako aliyekuruhusu maharage alikuwa anazungumzia yale ya nazi na kitunguu. Nimechoka kusimama kati ya mama na mwanawe wakibishana juu ya hili mbele ya muuzaji. Kula kipande kimoja, gawaneni wawili, na kipimo chako uje nacho.

"Vile vinavyotikisika vina jelatini ya nguruwe."

Swali hili naliheshimu, na jibu lake ni la kina kidogo. Kinachogandisha vitu vya asili ni kanten, na kanten hutoka kwenye mwani. Si mwani ule wa Paje na Jambiani, ule hutoa karajinani. Huu ni wa jamii nyingine, tengusa. Wanga wa kuzu nao ni mzizi. Kwa hiyo yokan, kingyoku (kanten na sukari) na kuzumochi kwa kawaida hazina mnyama. Tahadhari iko kwingine. Sakamanju, andazi la mvuke lenye maharage ndani, huumuliwa kwa mchanganyiko wa mchele wa kutengenezea sake, pombe ya mchele. Unga wa dorayaki, vile vikeki viwili vyenye maharage katikati, mara nyingine hutiwa mirin, ambayo ina kilevi. Na vile vya kisasa vyenye krimu na matunda vinaweza kweli kuwa na jelatini. Uliza hivi: "Zerachin, haitte imasu ka?" Kisha badilisha neno la kwanza liwe "mirin" au "osake". Muuzaji hatachukia, mara nyingi ataingia ndani akamuulize fundi mwenyewe. Lakini msinirudie na "huyu amesema haina nyama, basi ni halali", kwa sababu hamkumuuliza juu ya kilevi.

"Matcha inatiwa sukari."

Chai hii ya kijani ya unga haitiwi. Kula kipande chako kwanza, kimalize, ndipo unywe. Utamu unaotangulia ndio unaofanya uchungu ule ukubalike, na ndiyo maana wagashi zinakuwa tamu kiasi hicho. Yule anayekunywa matcha kwanza akakunja uso, kisha akaomba sukari, amejitakia.

"Duka la miaka mia tatu haliingiwi bila miadi."

Pazia la kitambaa likiwa linaning'inia mlangoni, pako wazi. Inama kidogo, ingia. Kununua kipande kimoja tu si aibu. Namagashi nzuri huwa kama yeni 400 hadi 600 kwa kipande, na bei haipunguzwi, hata jioni, hata ukiwa umenunua vingi, hata ukisema wewe ni mteja wa kwanza wa siku. Pesa weka kwenye kisahani kilicho mbele yako, usimtie mtu mkononi. Ukichukua kwenda nazo kodi ni asilimia 8, ukikaa kula palepale ni 10, hakuna aliyekuibia. Na nendeni asubuhi. Saa tisa alasiri kwenye maduka mazuri hubaki majina tu kwenye vibao.

"Jani ni pambo, linatolewa." Au: "Jani linaliwa."

Nasikia zote mbili juu ya jani linalofunga mochi, mara nyingi kwa kitu kisichohusika. Jani la sakuramochi, la majira ya kuchipua, ni la mcheri lililolazwa kwenye chumvi. Linaliwa, na chumvi yake ndiyo nusu ya raha, ingawa asiyelitaka analiondoa bila kesi. Jani la kashiwamochi, ya Mei 5, sikukuu ya watoto, ni la mwaloni na ni gumu kama karatasi ya saruji. Kazi yake ni harufu na kuzuia mochi isigande vidoleni. Nimeona watu wazima wakilitafuna mpaka mwisho, macho yamewatoka, eti wasimvunjie adabu mwenyeji. Limenye, ulikunje, uliache kwenye kisahani.