Paal Berg: Jaji Mkuu aliyevua joho, kisha akarudi kitini

Mwezi Desemba 1940 Mahakama ya Juu ya Norway ilibaki bila majaji. Hakuna aliyewafukuza wala kuwatia pingu. Waliandika barua, wakasaini, wakaondoka. Aliyekuwa mbele yao ni Jaji Mkuu Paal Berg, mzee wa miaka 67. Miaka minne na nusu baadaye alirudi katika mahakama hiyohiyo, nchi ikiwa na makumi ya maelfu ya watuhumiwa wa usaliti wa kupelekwa mbele ya sheria.

Makala hii inafuata hoja moja ya kisheria iliyomwondoa Berg kazini mwaka 1940 na iliyomsubiri mlangoni aliporudi: je, jaji ana haki ya kuipima amri kabla ya kuitekeleza, au kazi yake ni kuipokea tu?

Berg alizaliwa tarehe 18 Januari 1873 huko Hammerfest, mji mdogo wa bandari kaskazini kabisa mwa Norway. Kabla ya vita alijulikana zaidi kwa sheria za kazi. Mahakama ya Kazi ilipoanzishwa mwaka 1916 yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Alikuwa waziri wa masuala ya jamii mwaka 1919 hadi 1920, kisha waziri wa sheria 1924 hadi 1926, na mwaka 1929 akawa Jaji Mkuu. Kwa hiyo Wajerumani walipoingia hawakukutana na jaji aliyefungiwa maktabani. Huyu alikuwa amezoea kukaa meza moja na waajiri, vyama vya wafanyakazi na wanasiasa, akivuta huku na huku mpaka wakubaliane.

Mazoea hayo nusura yamponze. Ujerumani iliivamia Norway alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1940. Mizinga ya ngome ya Oscarsborg iliizamisha manowari Blücher katika mlango wa bahari wa Oslo, na saa chache zilizopatikana ziliwatosha Mfalme Haakon VII, serikali na Bunge kutoka mjini. Jioni ile Vidkun Quisling, kiongozi wa chama kidogo cha Nasjonal Samling (NS), alijitangaza redioni kuwa waziri mkuu. Siku hiyohiyo Bunge lilikutana katika mji wa Elverum na kuipa serikali mamlaka ya kulinda maslahi ya nchi hadi Bunge litakapoweza kukaa tena. Msomaji alishike neno hilo, Elverum, kwa kuwa kesi zote za baada ya vita zinasimama juu yake.

Mfalme akiwa mafichoni na Quisling akiwa Oslo, Berg na majaji wenzake walizungumza na upande wa Wajerumani. Tarehe 15 Aprili likaundwa Baraza la Utawala chini ya mkuu wa mkoa Ingolf Elster Christensen, kwa ajili ya shughuli za kiraia katika maeneo yaliyotekwa, na Quisling akawekwa kando. Katika hotuba ya redio Berg alimshukuru Quisling kwa kukubali kukaa pembeni. Maneno hayo yalimfuata kwa miaka. Kwa maoni yangu tendo lenyewe linatetewa kirahisi kuliko hotuba. Kumwondoa Quisling kulikuwa faida kubwa, lakini shukrani ya hadharani kutoka kwa Jaji Mkuu kwa mtu aliyepora madaraka ilikuwa zawadi isiyohitajika.

Baraza halikudumu. Tarehe 25 Septemba 1940 Josef Terboven, mtawala aliyeteuliwa na Hitler, alitangaza kwamba mfalme hana tena nafasi, Baraza limevunjwa, vyama vyote vimepigwa marufuku isipokuwa NS, na wizara zitaongozwa na watu aliowateua yeye. Wizara ya Sheria akapewa Sverre Riisnæs. Jina hili lina uzito wake, kwani Riisnæs naye alikuwa mwanasheria wa serikali, mwendesha mashtaka mwenye uzoefu. Sheria aliyoivunja alikuwa ameisomea.

Ugomvi ulianzia mahali ambapo msomaji wa kawaida angepapita bila kupaona: wazee wa baraza. Mahakama za Norway, kama zilivyokuwa za kwetu kwa muda mrefu, huketi na raia wa kawaida pamoja na jaji katika kesi za jinai. Amri ya wizara ya Novemba 1940 iliipa wizara uwezo wa kuwaondoa watu hao na kuweka wengine. Anayechagua wazee wa baraza ameshagusa hukumu kabla kesi haijaitwa. Mahakama ya Juu ililalamika kwa maandishi. Terboven akajibu mwanzoni mwa Desemba kwamba mahakama hazina mamlaka ya kupima uhalali wa amri zake wala za mawaziri wake.

Barua ya majaji ya tarehe 12 Desemba 1940 ni fupi, na inafaa kusomwa hatua kwa hatua, kwa sababu ni mfano mzuri wa namna ya kuandika pingamizi. Haikutaja uzalendo, haikumtaja Quisling, haikumtukana mtu. Ilianzia kwenye Katiba: kwa desturi iliyokuwa imekomaa tangu karne ya 19, mahakama za Norway hupima kama sheria inapatana na Katiba. Ikaenda kwenye sheria za kimataifa: Kanuni za Hague za mwaka 1907, ibara ya 43, zinamtaka mwenye kuikalia nchi kwa nguvu ya jeshi aheshimu sheria zilizokuwapo, isipokuwa pale inaposhindikana kabisa. Kwa hiyo hata amri za mvamizi zina kipimo, na mwenye kukishika kipimo hicho ni jaji. Mwisho ikafunga: hatuwezi kuufuata msimamo uliotolewa bila kuvunja wajibu wetu wa ujaji, na hivyo hatuwezi kuendelea na kazi. Kabla ya Krismasi viti vilikuwa vitupu.

Kwa nini wasingebaki na kuandika hukumu za kupinga? Kwa sababu kila hukumu ambayo wangeitoa baada ya barua ya Terboven ingekuwa muhuri juu ya msimamo wake. Wananchi wangeona majaji walewale, jengo lilelile, na wangeamini kwamba mambo bado yako sawa. Serikali ya wavamizi ilijaza viti kwa watu wake mwaka 1941, lakini ilibidi ifanye hivyo mchana kweupe.

Kujiuzulu huko kulikuwa na mipaka. Majaji wengi wa mahakama za chini walibaki kazini. Watu waliendelea kufa na kuacha mirathi, kuuziana mashamba na kudaiana, na kila kiti kilichoachwa kingeweza kukaliwa na mfuasi wa NS. Hoja hiyo ina nguvu, lakini ilikuwa na gharama, kwani jaji aliyebaki alijikuta kila wiki akichora upya mstari kati ya kesi ya kawaida na kesi ya kisiasa.

Maaskofu wa Kanisa la Norway waliokota haraka hoja ya majaji waliojiuzulu. Katika waraka wao wa mapema mwaka 1941 walitaja kuondoka kwa majaji kama mojawapo ya ishara kwamba msingi wa haki umetikiswa. Tangu hapo upinzani wa kiraia ulipata lugha yake: tunakataa kwa sababu amri hii ni batili. Si wote waliopata nafasi ya kukataa kwa barua. Viggo Hansteen, wakili wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alipigwa risasi tarehe 10 Septemba 1941 pamoja na Rolf Wickstrøm, baada ya mgomo uliozuka Oslo wafanyakazi walipokosa mgao wa maziwa.

Berg aliyekuwa nje ya kazi akawa mtu wa katikati katika kundi la siri lililoitwa Kretsen, yaani Duara. Lilikuwa na watu wazito, akiwamo Gunnar Jahn, mkuu wa ofisi ya takwimu. Kazi yake kubwa ilikuwa mawasiliano na serikali iliyokuwa uhamishoni London, pamoja na kufikiria nchi itashikwaje siku Wajerumani watakapoondoka. Kamati nyingine ya uratibu ilisukuma upinzani wa kila siku kwa njia ya maagizo mafupi yaliyosambazwa kwa siri.

Agizo la walimu la Februari 1942 linaonyesha namna kazi hiyo ilivyofanyika. Utawala ulitaka kila mwalimu awe mwanachama wa umoja mpya wa NS. Uongozi wa siri ukatunga sentensi chache za kukataa, fupi kiasi cha kukaririwa au kufichwa kwenye kiberiti. Kila mwalimu aliziandika kwa mkono wake, akasaini kwa jina lake, akatuma kwa posta katika siku zilezile na wenzake. Maneno yakiwa yaleyale, hakuna wa kuulizwa peke yake alimaanisha nini. Barua zikifika kwa maelfu, hakuna kinara wa kukamatwa. Utawala ukakamata walimu zaidi ya 1,000, na mamia wakapelekwa Kirkenes kufanya kazi za sulubu, lakini umoja ule haukusimama.

Jeshi la siri, Milorg, liliongozwa na mwanasheria mwingine, Jens Christian Hauge, aliyezaliwa mwaka 1915. Mwishoni mwa vita lilikuwa na watu wapatao 40,000. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 matawi yote ya upinzani yaliunganishwa chini ya Uongozi wa Ndani ya Nchi, Berg akiwa mwenyekiti. Wakati huo mji wake wa kuzaliwa, Hammerfest, ulikuwa umeteketezwa na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma.

Maandalizi ya miezi hiyo yalikuwa ya kisheria kuliko ya kivita. Wanasheria wa ndani walishiriki kuandaa amri ya usaliti iliyotolewa na serikali London tarehe 15 Desemba 1944. Agizo la majira ya kuchipua 1945 lilikuwa maneno matatu: heshima, utulivu, nidhamu. Hofu ilikuwa visasi vya mitaani. Ujerumani iliposalimu amri tarehe 8 Mei, Milorg walijitokeza na kuwakamata washukiwa, na Quisling akajisalimisha kesho yake. Terboven alijilipua. Mauaji ya kulipiza kisasi yalikuwa machache mno. Hata hivyo, wanawake waliokuwa na uhusiano na askari wa Kijerumani walinyolewa nywele hadharani, na wengi wakazuiliwa katika kambi kama ile ya kisiwa cha Hovedøya, ingawa uhusiano huo haukuwa kosa katika sheria yoyote. Waziri mkuu Erna Solberg aliwaomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2018.

Berg aliombwa kuunda serikali. Vyama havikukubaliana naye, na Einar Gerhardsen akawa waziri mkuu mwezi Juni. Mzee akarudi kwenye kiti cha Jaji Mkuu.

Hapo ndipo hoja ya 1940 ilipomgeukia. Mashtaka yalitegemea amri za serikali ya uhamishoni, ambazo hakuna Bunge lililozijadili na ambazo Mnorway wa kawaida hakuziona katika gazeti la serikali. Adhabu ya kifo ilikuwa imeondolewa katika sheria ya kawaida ya jinai tangu mwanzo wa karne, ikabaki katika sheria ya kijeshi kwa wakati wa vita. Amri ya tarehe 3 Oktoba 1941 ndiyo iliyoruhusu itolewe hata baada ya vita kwisha. Na kuwa mwanachama wa NS tu kulitosha kumpeleka mtu kwenye faini, kupoteza haki za uraia kama kupiga kura, na kuchangia fidia. Je, amri hizi nazo zipimwe?

Mahakama ilizipima. Katika kesi ya Reidar Haaland, aliyewatumikia polisi wa siri wa Kijerumani, ilisema mwezi Agosti 1945 kwamba mamlaka iliyotolewa Elverum yalitosha. Haaland aliuawa kwa risasi tarehe 17 Agosti. Siku tatu baadaye kesi ya Quisling ilianza katika jumba la Freemason mjini Oslo. Erik Solem alikuwa jaji kiongozi, Annæus Schjødt aliendesha mashtaka, na Henrik Bergh alimtetea. Hukumu ya kifo ilisomwa tarehe 10 Septemba. Rufaa, ambayo kwa utaratibu wa Norway haikuweza kufungua upya ushahidi bali sheria na adhabu tu, ilikataliwa tarehe 13 Oktoba, naye akauawa katika ngome ya Akershus tarehe 24 Oktoba 1945.

Kwa jumla yalichunguzwa majalada zaidi ya 90,000. Watu wapatao 46,000 walipata adhabu ya aina fulani, wengi wao faini na kupoteza haki. Waliouawa kwa hukumu ni 37, kati yao Wanorway 25.

Kasoro zilionekana mapema. Ya kwanza ni ya kiti chenyewe: majaji waliokuwa wameongoza upinzani walitoa uamuzi kuhusu maadui wao wa jana. Utetezi uliopo ni kwamba baada ya miaka mitano ya uvamizi, kumpata jaji asiye na upande kungehitaji kumleta kutoka nje. Ya pili ni muda, kwani adhabu zililegea mwaka hadi mwaka na aliyehukumiwa mapema aliumia zaidi. Ya tatu ni kipimo cha kosa. Mwanachama wa NS asiyefanya lolote alilipa faini, wakati Knut Rød, ofisa wa polisi aliyesimamia ukamataji wa Wayahudi mjini Oslo, ambao zaidi ya 500 kati yao walisafirishwa kwa meli Donau tarehe 26 Novemba 1942, aliachiwa huru mwaka 1946 na tena mwaka 1948 kwa kuwa alikuwa pia amewasaidia wapinzani. Riisnæs, waziri wa sheria wa wavamizi, hakuhukumiwa kabisa. Alionekana mgonjwa wa akili na kuwekwa hospitalini kwa miaka mingi.

Jaribio gumu zaidi lilikuja Februari 1946 na Karl-Hans Hermann Klinge, ofisa wa Gestapo, polisi wa siri wa Kijerumani, aliyetesa wafungwa. Alihukumiwa kifo kwa amri ya tarehe 4 Mei 1945 kuhusu wahalifu wa kivita wa kigeni, iliyotolewa baada ya matendo yake. Ibara ya 97 ya Katiba ya Norway ni sentensi moja: hakuna sheria itakayopewa nguvu ya kurudi nyuma. Majaji tisa walisema mateso yalikuwa tayari ni kosa kwa sheria za vita, na kwamba adui aliyezivunja hawezi kujificha nyuma ya Katiba ya nchi aliyoivamia. Wanne walikataa. Kwao adhabu iliyoongezwa baada ya tendo ni adhabu ya kurudi nyuma, hata mshtakiwa akiwa mtesaji. Walishindwa kwa kura, na sababu zao zikachapwa pamoja na hukumu, chini ya jina la mahakama ileile iliyowahi kumwambia Terboven kwamba kila amri ina kipimo.

Berg alistaafu mwaka huohuo. Alifariki mwaka 1968 akiwa na miaka 95.