Leseni ya elki kwa dola 1,950: dhana potofu kuhusu ada za wawindaji wa nje ya jimbo

Januari ikielekea ukingoni, wenzangu wa zamu ya usiku hapa Nebraska huanza kuongea habari za Wyoming. Mwanzoni mwa Februari ndipo maombi ya kuwinda elki hufungwa kwa sisi tusio wakazi wa jimbo hilo. Kila mwaka kilio ni kile kile: bei hazikamatiki. Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, na dume lake humpita hata tandala mkubwa kwa uzito. Mkazi wa Wyoming hulipa dola 57 kwa leseni yake ya elki. Mimi wa jimbo la jirani nalipa 692, na nikitaka ile wanayoiita leseni maalumu, nalipa 1,950.

Uchungu wa mtu anayelipwa kwa saa akiziona tarakimu hizo naujua, maana ni wangu pia. Lakini mengi yanayosemwa kuhusu bei hizi si kweli, na mtu asiyejua bei inatoka wapi huishia kumlaumu karani wa dirishani ambaye hana hatia.

“Huu ni ubaguzi, na Katiba inaukataza”

Hili ndilo nalisikia zaidi, na si hoja ya kipuuzi. Katiba ya Marekani kweli inazuia jimbo kuwanyima raia wa majimbo mengine haki zao za msingi. Mwaka 1948, katika kesi ya Toomer dhidi ya Witsell, Mahakama ya Juu iliitupa sheria ya South Carolina iliyomtoza mvuvi wa kamba wa jimboni dola 25 kwa mashua, na mvuvi kutoka nje dola 2,500. Wavuvi wa Georgia walishinda.

Kwa nini basi elki ni tofauti? Kwa sababu suala hilo nalo lilifika mahakamani. Mwaka 1976 mkazi wa Montana aliweza kununua leseni ya elki peke yake kwa dola 9. Asiye mkazi hakuwa na nafasi hiyo: ilimlazimu anunue leseni ya mseto, ya elki pamoja na wanyama wengine, kwa dola 225. Aliyetaka elki tu alikuwa analipa mara 25 ya mwenyeji. Wawindaji kadhaa wa Minnesota pamoja na mwongozaji mmoja wa safari za uwindaji wa Montana wakafungua kesi, na hukumu ikatoka mwaka 1978, inayojulikana kwa jina la Baldwin. Walishindwa kwa kura sita dhidi ya tatu.

Sababu waliyoitoa majaji inafaa kushikwa vizuri, kwani ndiyo inayobeba bei zote za leo. Walisema mvuvi wa kamba anatafuta riziki, bali mtu anayesafiri hadi Montana kuwinda elki anatafuta burudani. Jimbo haliwezi kumfungia mtu mlango wa kazi kwa sababu katoka nje, lakini kwenye burudani linaweza kumpendelea mwenyeji. Mimi sikubaliani na kila neno la hukumu ile. Jirani yangu hujaza friza kwa nyama ya msimu mmoja, na watoto wake wanaila hadi kiangazi, hivyo neno “burudani” halimtoshi. Hata hivyo ndiyo sheria.

Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliutilia shaka utaratibu wa Arizona, iliyokuwa imewawekea wasio wakazi ukomo wa asilimia 10 ya vibali vya baadhi ya wanyama. Bunge la Marekani likajibu mwaka 2005 kwa kupitisha sheria inayotamka wazi kwamba jimbo lina mamlaka ya kutofautisha mkazi na asiye mkazi kwenye uwindaji na uvuvi. Anayesubiri mahakama imshushie bei atasubiri sana.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Kwenye lango la hifadhi mgeni analipa kwa dola na mwananchi analipa kwa shilingi, na mwananchi haoni kosa. Tofauti ni kwamba hapa “mgeni” ni raia wa nchi ile ile, pengine anayekaa kilomita 50 kutoka mpakani.

“Ardhi ni ya Wamarekani wote, basi na wanyama ni wa wote”

Nusu yake ni kweli. Karibu nusu ya ardhi ya Wyoming inamilikiwa na serikali ya shirikisho. Kodi yangu inaitunza, na naweza kupita, kupiga hema na kupanda mlima humo bila kumwomba mtu ruhusa. Ila ardhi ni kitu kimoja na mnyama aliye juu yake ni kingine. Kwa sheria za Marekani, wanyamapori wengi wako chini ya uangalizi wa jimbo, ambalo huwatunza kwa niaba ya watu wake. Bunge la shirikisho lina uwezo wa kuingilia kwenye ardhi yake, na Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 1976 katika kesi ya Kleppe, lakini kwa uwindaji wa kawaida limeamua kuyaachia majimbo.

Mahali panaponiuma mimi ni penginepo. Wyoming ina sheria kwamba asiye mkazi akitaka kuwinda wanyama wakubwa kwenye maeneo ya shirikisho yaliyotengwa kuwa nyika kamili, lazima awe na mwongozaji mwenye leseni, au mkazi aliyechukua kibali cha kumsindikiza. Kwenye pori hilo hilo naweza kutembea wiki nzima peke yangu nikipiga picha za dubu. Nikibeba bunduki, ghafla nahesabiwa kuwa nitapotea. Malipo ya mwongozaji huipita leseni kwa mbali, na hayo hayaandikwi kwenye orodha ya ada. Nikiambiwa nichague lalamiko moja la kupeleka kwa wabunge wa kule, nitapeleka hili, niiache bei ya leseni.

“Pesa zinamezwa na serikali ya jimbo”

Hapana, na ulinzi wake ni mkali. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1937, inayoitwa Pittman-Robertson kwa majina ya walioiasisi, iliutenga ushuru wa bunduki ndefu na risasi, ambao leo ni asilimia 11, kuwa fedha za wanyamapori. Ushuru huo hugawiwa majimbo, nusu kwa ukubwa wa eneo na nusu kwa idadi ya watu wenye leseni za kulipia. Sharti la kupata mgao ni kwamba jimbo liwe na sheria inayozuia ada za leseni kutumika nje ya kazi za idara yake ya wanyama na samaki. Gavana akichota pesa ya leseni kutengeneza barabara, jimbo linajiweka hatarini kukosa mgao wa shirikisho.

Kwa hiyo dola 692 zangu zinaenda kulipa askari wa wanyamapori, wataalamu wanaohesabu makundi ya elki kwa ndege, na kufidia wafugaji ambao elki wamekula nyasi kavu walizoziwekea mifugo akiba ya majira ya baridi. Katika Wyoming na Montana, sisi wa nje ndio tunaoleta zaidi ya nusu ya mapato ya leseni, ingawa vibali vingi huenda kwa wenyeji.

“Bei imepanda kwa sababu gharama zimepanda”

Ndiyo na hapana. Mishahara imepanda, mafuta yamepanda, hilo halina ubishi. Colorado imeziunganisha ada zake na mfumuko wa bei, zinasogea kidogo kidogo kila mwaka. Hiyo naiona ni njia ya haki.

Lakini tazama Idaho. Mwaka 2021 leseni ya asiye mkazi ilitoka dola 154.75 hadi 185, na tagi ya elki, yaani kile kikaratasi unachofunga kwenye mnyama uliyemwua, ikatoka 416.75 hadi 651.75. Jumla ikaruka kutoka 571.50 hadi 836.75. Mfumuko wa bei wa mwaka mmoja haufanyi hivyo.

Na tazama ile leseni maalumu ya Wyoming. Hadi 2023 ilikuwa dola 1,268 kwa elki. Bunge la jimbo likapitisha sheria, na kuanzia msimu wa 2024 ikawa 1,950. Ya kulungu ikaruka kutoka 662 hadi 1,200. Sasa hiyo leseni maalumu inakupa nini cha zaidi? Mnyama ni yule yule, eneo lile lile, tarehe zile zile. Sehemu ya vibali vya wasio wakazi, asilimia 40, hutengwa kwa droo ya wanaolipa bei ya juu, na kwa kuwa wanaoimudu ni wachache, uwezekano wa kupata huwa mkubwa. Hapo kinachouzwa ni nafasi kwenye foleni.

Upande wa pili, ada ya mkazi husimama mahali pamoja kwa miaka. Sababu iko wazi: mkazi anampigia kura mbunge anayepanga ada, mimi simpigii. Mbunge wa Cheyenne, mji mkuu wa Wyoming, akimwongezea mwenyeji dola 10 atasikia kelele kwenye kila mkutano. Akiniongezea mimi dola 600, hakuna wa kumuuliza. Naamini haki ingekuwa kupandisha pande zote mbili kwa kadiri. Wenyeji wengi niliozungumza nao, watu wanaowapenda elki wao kwa dhati, hawapingi kulipa zaidi kidogo.

“Ukilipa, umepata”

Wengi wa wageni wapya hudanganyika hapa. Ada ya maombi haikupi kibali. Unaingia droo, na sehemu nyingi unakusanya pointi mwaka hadi mwaka ili upande foleni. Wyoming hutoza dola 52 kwa pointi moja ya elki. Mtu anaweza kulipia pointi miaka kumi bila kufyatua risasi hata moja. Idaho, ambako tagi za wasio wakazi ziliuzwa kila Desemba kwa utaratibu wa aliyewahi ndiye apataye, imehamia droo kwa msimu wa 2026. Na kuanzia 2025 Colorado imeacha kuwauzia wasio wakazi tagi za elki za upinde bila droo upande wa magharibi wa jimbo.

“Wapandishe watakavyo, watu watalipa tu”

Montana ilijaribu. Mwaka 2010 wapiga kura wake walipitisha pendekezo namba 161, lililofuta leseni zilizohifadhiwa kwa wateja wa waongozaji na kupandisha leseni ya mseto ya wasio wakazi kutoka dola 628 hadi 897. Msimu uliofuata, leseni 17,000 zilizoruhusiwa hazikuisha, jambo ambalo watu wa kule hawakuwa wamelizoea. Uchumi ulikuwa mbaya na mbwa mwitu wanaowala elki walikuwa gumzo, kwa hiyo bei peke yake haibebi lawama yote. Baadaye wanunuzi walirudi na leo droo imejaa. Lakini waliorudi si lazima wawe wale wale walioondoka. Fundi aliyekuwa akienda kila mwaka na kaka zake sasa anaenda mara moja kwa miaka mitano, na nafasi yake anaishika mwenye kipato kikubwa zaidi. Jumla ya mauzo haionyeshi badiliko hilo, wala sijaona jimbo linalolipima kwa bidii inayostahili.

“Nina kiwanja huko, mimi ni mkazi”

Kiwanja hakikupi ukazi, wala nyumba ya likizo. Montana hudai uwe umeishi siku 180, Idaho miezi sita, Wyoming mwaka mzima, na huruhusiwi kudai ukazi kwingine wakati huo. Kudanganya ni kosa, na karibu majimbo yote yamo kwenye mkataba wa kubadilishana taarifa za wakosaji: ukifungiwa Wyoming, unaweza kufungiwa na nyumbani. Wanajeshi walio kazini hupewa nafuu majimbo mengi.

Ndugu zetu wahamiaji nao huuliza kama ni lazima uwe raia. Kwa bei ya leseni, kinachoangaliwa kwa kawaida ni unapoishi, si pasipoti. Alaska ndiyo iliyo na daraja la tatu: mgeni ambaye si raia na hakai Marekani hulipa zaidi ya Mmarekani wa jimbo jingine, na hawezi kuwinda mnyama mkubwa yeyote bila mwongozaji. Ndugu yako akija kutoka Mombasa kwa matembezi, hesabu yake si yako.

“Basi kuwinda nje ya jimbo ni kwa matajiri tu”

Ukimng'ang'ania dume mwenye pembe, ndiko mambo yanakoelekea. Ukitaka nyama, milango ipo. Wyoming huuza leseni ya elki jike kwa asiye mkazi kwa dola 288, na ya kulungu jike kwa 34. Texas, leseni kamili ya asiye mkazi ni dola 315, lakini iko ya siku tano kwa 48. Haihusu kulungu wa kienyeji, ila inahusu wanyama wa kuletwa, wakiwemo choroa waliozaliwa kwenye mashamba ya kule, ingawa mwenye shamba naye ana bei yake. Na tangu Septemba 2019, kuwinda nguruwe mwitu kwenye ardhi binafsi ya Texas hakuhitaji leseni kabisa, hata ukitoka nje, mradi mwenye ardhi amekuruhusu. Kwa wanaowinda bata, stempu ya shirikisho, ambayo ni kibali cha ziada, ni dola 25, bei moja kwa mkazi na asiye mkazi. Ilianza mwaka 1934 kwa dola moja.

Mwenzangu mmoja wa zamu, baba wa watoto wanne, mwaka huu ameacha kuongeza pointi za dume. Ameomba elki jike, dola 288, na ameshaanza kutafuta friza la pili.