P0660 haijasema vali imekufa

Juzi mzee mmoja aliingia gereji yetu hapa Industrial Area, Nairobi, akiwa na maboksi mawili mkononi: vali mbili za manifoldi ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini), moja mpya, nyingine imetolewa kwenye gari lililochinjwa. Zote mbili zilikuwa zimeshafungwa kwenye gari lake na kutolewa tena, na taa ya injini bado inawaka. "Fundi, mashine imesoma P0660. Nimeambiwa hiyo ni vali." Ni mtu wa nne kuniletea kesi hiyo tangu mvua zianze, na wote wanne walikuwa wamelipia spea kabla mtu yeyote hajagusa waya. Inaniuma, kwa sababu hizo ni pesa za watu.

P0660 ni msimbo wa hitilafu unaoandikwa na kompyuta ya injini, nao unataja hitilafu kwenye saketi ya vali ya manifoldi. Saketi. Yaani njia nzima ya umeme wa vali. Humo mna fyuzi, relei, waya unaoleta umeme, konekta, koili ya solenoidi (sumaku ya umeme inayoendesha vali), waya unaorudi kwenye kompyuta ya injini, na transista (swichi ya kielektroniki) iliyo ndani ya kompyuta hiyo. Vitu saba, na uliyeuziwa vali umebadilisha kimoja. Kompyuta haiioni vali. Inachoona ni volti kwenye pini yake tu: solenoidi ikiwa imezimwa, pini hiyo inatakiwa kupata volti za betri kupitia koili, ikiwashwa, kompyuta inaivuta pini hadi karibu na sifuri. Isipoona hivyo, inaandika msimbo.

Kazi ya vali sitaikalia. Injini ikizunguka polepole hewa hupitia njia ndefu, ikipanda kasi hupitia njia fupi. Toyota wanauita mfumo wao ACIS, Nissan wanauita VIAS. Ikikataa kufanya kazi, gari linanguruma vizuri tu hapa gereji, kisha linachoka ukipanda kuelekea Limuru.

Sasa nije kwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Fundi anachomoa konekta, anagusisha ncha, anasoma 12.4, anasema: "Umeme upo, basi vali ndiyo mbovu." Nimeisikia sentensi hii mara nyingi mno, hata kwa mafundi ninaowaheshimu.

Multimita ya kawaida ya dijitali ina ukinzani wa ndani (kiasi cha kuzuia umeme) wa karibu omu milioni 10. Haivuti umeme wowote wa maana. Chukua pini iliyoota kutu ya kijani yenye ukinzani wa omu 1,000. Mbele ya omu milioni 10, hizo elfu moja si kitu, kwa hiyo skrini itakuandikia 12.4 kamili. Rudisha solenoidi ya omu 30 kwenye njia hiyohiyo: kutu inameza karibu volti zote, na solenoidi inabakiwa na chini ya nusu volti. Volti ulizozisoma zilikuwapo kwa sababu hapakuwa na kitu kinachozitumia. Ulipima njia ikiwa haina mzigo, ukahukumu kilicho mwisho wa njia.

Mimi huweka balbu ya wati 5 mahali pa solenoidi, kati ya pini ya umeme na hasi ya betri. Inavuta kama ampea 0.4, karibu sawa na solenoidi yenyewe. Ikiwaka sawasawa, upande wa kuleta umeme ni mzima. Usichukue balbu ya wati 21 ukaichomeka upande wa kompyuta. Hiyo inavuta ampea 1.75, na unaweza kuua transista iliyokuwa nzima.

Halafu narudisha konekta na kupima mshuko wa volti, yaani volti zinazopotelea njiani, kwa kuingia nyuma ya pini: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye pini ya umeme ya solenoidi. Lazima vali iwe imeamrishwa kufanya kazi wakati huo, la sivyo umeme hautembei na utasoma sifuri hata waya ukiwa umeoza. Mshuko ukizidi nusu volti, kuna kitu kinakula njiani. Upande wa kompyuta napima hivyohivyo kutoka kwenye hasi ya betri.

Koili nayo isihukumiwe haraka. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda. Koili ya omu 30 ikiwa baridi inaweza kusoma 38 injini ikiwa moto, na bado ni nzima.

Kuna mahali hata mimi nakwama. Kutu ya wastani inaweza kudhoofisha solenoidi bila msimbo kuandikwa, kwa sababu kila kompyuta ina kiwango chake cha kulalamika. Na mara nyingine natikisa nyaya, hitilafu inatoweka, na siwezi kuapa ni tikiso lipi lililoiondoa. Gari la namna hiyo siliachii siku hiyohiyo.

La mzee lilinipa jibu lililo wazi. Injini ikiwaka na vali ikiwa imeamrishwa, kati ya volti 14, volti 13.1 zilikuwa zinapotelea kwenye konekta. Ndani mlikuwa na maji, na pini moja imegeuka kijani. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umechanika. Mzee anaosha injini kwa mashine ya presha kila wiki, lakini huenda mpira ulichanwa na fundi wa kwanza alipovuta konekta kwa nguvu, sikuweza kutofautisha. Nilibadilisha pini na mpira, mshuko ukawa 0.1, na taa haikurudi.

Nilipima koili za vali zake mbili akiwa amesimama pale: omu 31 na omu 29. Ile ya asili alikuwa ameiacha kwa fundi wa kwanza, na sina sababu ya kuamini kwamba haikuwa nzima vilevile.